Maji ya Stefania

Sogeeni motoni wanangu, baridi ya huku haina adabu, inaingia hata pasipo na mlango. Haya nisemayo sikuyaokota njiani. Yalimpata Winifrida, binti wa jirani yangu hapo Kizwite, ua kwa ua, na mwenyewe ndiye aliyenieleza, ameshika kikombe kwa mikono miwili na chai inapoa hainywi.

Ilikuwa Ijumaa ya kawaida tu, mwezi wa sita, watu wanapukuchua mahindi. Winifrida alishuka kwenye basi la Mbeya na mwanae Sharon, mtoto mdogo bado, lakini anaongea kama redio. Kesho yake mji mzima ulikuwa unakimbia. Ile mbio ndefu, wenyewe wanaiita nusu marathoni. Unaanzia uwanjani, unapita Mazwi, unapita Kizwite, unatokea mashambani mpaka kwenye pipa la kugeuzia, halafu unarudi njia ile ile. Winifrida alikuwa ameshajiandikisha kwenye simu, na viatu kanunua, vyekundu, vinawaka kama pilipili.

Mama yake, Emerensiana, alikuwa uani anapepeta maharage. Pale mtaani hakuna anayemwita Emerensiana. Tunamwita Mama Pacha mpaka leo, ingawa pacha mmoja hayupo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja?"

Alisema mmekuja huku anamtazama Winifrida peke yake. Sharon alikuwa ameshakimbilia kuku nyuma ya nyumba.

Sasa niwaeleze, msije mkapotea. Winifrida na Stefania walizaliwa siku moja, sura moja, sauti moja. Baba yao alikuwa anawachanganya mpaka anaona aibu. Mama yao tu ndiye aliyewajua, hata kwa mbali, na alikuwa na njia yake. Wakikimbia, Winifrida anautupa nje mguu wa kushoto. Stefania anautupa wa kulia. Basi akiwaona wanatoka mtoni na ndoo, anajua yupi anakuja mbele.

Walipoanza kung'oka meno, surua ikaingia mtaani. Enzi zile wakubwa walituambia mtoto wa surua asipewe maji, yatarudisha upele ndani. Ndivyo tulivyojua. Stefania alikuwa ametoka kung'oka meno mawili ya mbele, ya juu, bado analamba pengo kwa ulimi. Alikufa anaomba maji. Midomo imepasuka kama tope la kiangazi.

Kwetu pacha akiondoka hasemwi amekufa. Inasemwa katangulia. Na aliyebaki hapokei kitu kimoja. Akipewa kiazi, apewe viwili, kimoja ale, kimoja amwekee mwenzie. Akishamwekea anampa mgongo, maana aliyetangulia haangaliwi akila. Na lazima ampe yeye mwenyewe pacha wake. Akitoa mtu mwingine, hakishikiki.

Winifrida alifanya hivyo miaka mingi. Akaenda bweni, wenzie wakamcheka, akaacha. Tangu hapo mama yake akawa anaweka kikombe cha maji dirishani kwa niaba yake. Cha kuombea msamaha tu, alikuwa anasema, siyo cha kumtosha.

Jioni ile wanakula ugali wa ulezi na migebuka, Mama Pacha akasema taratibu, "Kesho ukipewa maji njiani, chukua chupa mbili."

"Mama, kule watu wanakimbizana na saa."

"Moja iweke chini, mpe mgongo, ondoka. Muda wa kupumua tu."

"Watu watasema nimerukwa na akili."

"Wakisema?"

Winifrida akaweka tonge chini. "Mama, hapa mtaani tangu nizaliwe mtu akiniona anauliza, wewe ni yupi? Akishajua, anasema ahaa, yule aliyebaki. Sina jina. Kesho nataka watu wanione mimi. Mtu mmoja. Chupa moja, medali moja, basi."

Mama yake hakubishana. Aliondoa mwiba kwenye samaki wa mjukuu, akasema, "Hapa nyumbani nakushikia mimi. Huko barabarani mimi sipo."

Sharon alikuwa amepanda kigoda anachungulia dirishani.

"Bibi, maji ya kikombe yameisha."

Kikombe kilikuwa kimejazwa muda huo huo.

Asubuhi ukungu ulishuka mpaka Mbizi yote ikafichika, hujui kama kuna milima. Uwanjani watu wanarukaruka, wanapuliza mikono. Winifrida akapigwa kofi la bega. Alikuwa Maulida, binti wa duka la vyombo pale mjini, walisoma naye darasa moja.

"Mambo we mshikaji!"

"Poa. Hizo raba si za kaka yako?"

"Cheka tu. Mbeya wamekulisha wali mpaka mashavu kama bwana harusi. Leo utaona mgongo wangu."

"Mgongo wako naujua, ulinizibia ubao darasa la tatu zima."

Wakacheka. Sharon naye akacheka bila kujua anacheka nini. Alikuwa amebebwa na bibi yake karibu na kamba ya kumalizia.

"Mama ukifika unipe medali."

"Nikifika tu nakuvalisha shingoni. Ukiniona, unikimbilie."

"Nitakujuaje? Wote wamevaa bluu."

"Mtoto hakosi kumjua mama yake bwana."

Mama Pacha alimshika bintiye mkono. "Mbili," akasema kwa sauti ya chini. Filimbi ikalia.

Alianza vizuri. Miguu myepesi, pumzi inakuja yenyewe. Mazwi watu wametoka milangoni, waendesha bodaboda wanapiga honi, mama mmoja anapiga kigelegele na mwiko mkononi. "Huyo binti wa Mama Pacha huyo!" mtu akapaza sauti. "Yupi?" mwingine akauliza. Winifrida akauma meno, akaongeza mwendo. Maulida akabaki nyuma.

Meza ya kwanza ya maji ilikuwa hapo Mazwi, upande wa uwanjani. Msichana wa pale, kavaa kofia ya sufi, akamnyooshea chupa mbili ndogo. "Chukua na ya akiba dada!"

Akachukua moja.

Akanywa, akatupa chupa pembeni. Hakwenda mbali, akasikia hatua nyuma yake. Hatua za mtu anayekimbia sawasawa na yeye. Akikanyaga, inakanyaga. Akadhani Maulida kajitahidi.

"Utachoka bure wewe," akasema bila kugeuka.

Halafu akazisikiliza vizuri zile hatua. Hazikuwa za raba. Zilikuwa za nyayo tupu, zile za pap, pap, kwenye lami ya baridi.

Akageuka. Ukungu tu.

Karibu na Kizwite kitu kilimpita begani. Hakukiona. Ni baridi tu ilimpita, na harufu. Harufu ya chumba cha mgonjwa, ya majani yaliyochemshwa na jasho la homa. Hakuwa ameisikia harufu ile tangu utotoni. Alijua ni ya chumba gani.

Meza ya pili ilikuwa nje ya mji, mashamba yanapoanza. Mama aliyekuwa pale alimwona, akarudi nyuma hatua.

"Wewe si umepita sasa hivi?"

"Mimi ndiyo nafika, mama."

"Umepita. Umenyoosha mkono, nikakupa maji, chupa ikaanguka. Nikakupa tena. Ikaanguka tena, kama nimeiweka kwenye moshi. Ukaniangalia, mdomo wazi." Akanong'ona, "Dada, unaumwa?"

Chini, mbele ya meza, chupa mbili zimelala. Hazijafunguliwa.

Hapo ndipo angechukua mbili. Yeye mwenyewe anasema, mkono ulishakwenda. Lakini nyuma walikuwa wanakuja vijana wawili wanakimbia wanajirekodi kwenye simu, akaona aibu. Akachukua moja. Akainywa yote, kwa ubishi, mpaka ikamkwama kooni.

Na mbele, ukungu ulipofunguka kidogo, akamwona.

Mwanamke. Fulana ya bluu. Nywele zimesukwa kama zake, zimefungwa na kitambaa cha njano kama chake. Mgongo ule wa mbele Winifrida aliujua bila kuwahi kuuona, kama mtu anavyoijua sauti yake. Anakimbia pekupeku. Na kila hatua, mguu mmoja unatupwa nje.

Wa kulia.

Winifrida akapunguza mwendo. Yule naye akapunguza. Akaongeza. Yule naye akaongeza. Kulikuwa na umbali kati yao, na umbali ule haukuzidi wala kupungua.

Mzee mmoja na baiskeli alikuwa kasimama kando, gunia la mkaa nyuma. Akacheka. "Kaza binti! Mwenzio kakutangulia!"

Neno lile lilimshuka mgongoni kama maji ya kisima.

Pale kwenye pipa, njia inageuka. Anayetangulia anarudi, mnapishana uso kwa uso. Winifrida alitaka kufunga macho. Hakuweza. Yule akaja upande wa pili wa barabara, anakuja, anakuja. Uso wake. Macho yake. Kovu dogo la Winifrida la kidevuni hakuwa nalo, maana Winifrida alilipata Stefania ameshatangulia. Midomo ilikuwa imekauka, nyeupe, imepasuka mpaka nyama inaonekana.

Walipopishana yule alinong'ona. Sauti kavu, kama majani ya mahindi.

"Mtoto wetu anatungoja."

Akapita.

Jamani. Kuanzia hapo Winifrida hakukimbia mbio za medali. Alikuwa anamkimbilia mwanae. Maana alikumbuka alivyomwambia kwa mdomo wake mwenyewe. Ukiniona, unikimbilie.

Akaligonga pipa, akageuka, akaachia miguu yote. Kifua kinawaka. Na kadiri alivyokaza, yule mbele naye alikaza. Pap, pap, pap. Mguu wa kulia nje. Ukungu unamfunika, unamwachia, unamfunika.

Maulida alikuwa bado anakwenda, anajikokota, kajishika kiuno. Alipomwona akasimama kabisa. Kicheko hakuwa nacho.

"Wini. Nani yule?"

"Umemwona?"

"Nimekuona wewe. Umenipita sasa hivi. Huna viatu. Nakuita, huitikii." Akatazama viatu vyekundu vya Winifrida. Midomo ikaanza kusoma dua. "Kimbia," akanong'ona. "Kimbia shoga yangu."

Kizwite akapita mbele ya nyumba yao. Mlango umefungwa, wote wako uwanjani. Dirishani kikombe kilikuwa kimelala ubavu. Ukuta chini yake mkavu.

Mazwi hakukuwa na vigelegele tena. Watu walikuwa wanamtazama tu. Mama mwenye mwiko aliingia ndani, akafunga mlango.

Na alipotokea kwenye ile njia iliyonyooka, karibu na meza ya mwisho, ile ya msichana wa kofia, akaliona geti la uwanja kule mbele. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Watu wawili walikuwa wanatoka getini. Mwanamke wa fulana ya bluu. Mtoto mdogo. Wameshikana mikono. Shingoni mwa mtoto kitu kinang'aa.

Hawakuwa wanakuja upande wake. Walikuwa wanakwenda ule upande mwingine, njia ya makaburini.

"Sharon!"

Sauti haikutoka. Akakimbia. Wale wawili wakaanza kukimbia. Mtoto anaruka ili amfikie mama. Anacheka. Winifrida alikisikia kicheko kile.

Akapunguza. Wakapunguza.

Ndipo ikamwingia akilini. Miguu ile ilikuwa inakimbia na yake. Hata angekimbia mpaka roho itoke asingewafikia. Angewasukuma mbele tu.

Akasimama.

Ni kitu kigumu, wanangu, kusimama mtoto wako anapelekwa. Mimi sijui kama ningeweza. Watu wakaanza kupiga kelele, "Dada umebakiza kidogo! Usisimame!" Hakuwasikia. Kule mbele yule naye alisimama. Mtoto mkononi.

"Nipe mbili," Winifrida akamwambia msichana wa maji.

"Dada..."

"Nipe mbili!"

Moja akaikumbatia. Moja akaiweka chini, kwenye vumbi kando ya lami, akaisimamisha kwa uangalifu kama mtu anayeweka yai. Akapiga magoti. Akapiga makofi ya taratibu, viganja vikiwa kama bakuli, kama tunavyowaamkia wakubwa.

"Stefa. Hii yako."

Halafu akageuka. Akalipa geti mgongo. Akampa mwanae mgongo. Hawezi kuona anapelekwa wapi.

Kimya.

Pap.

Pap.

Zinakuja. Nyayo tupu. Zikasimama nyuma yake, karibu kabisa. Ile harufu. Kisha akasikia mtu anakunywa. Anakunywa kama mtoto, anagugumia, anavuta pumzi, anagugumia tena. Kwa muda mrefu kuliko maji ya chupa ile.

Pumzi ya baridi ikamgusa sikio.

"Bado."

Lilikuwa deni la zile meza mbili za mwanzo. Winifrida akalia hapo. Akaiweka ile aliyoikumbatia, bila kugeuka, mkono kwa nyuma. Akanyoosha mkono kwa msichana. Msichana alikuwa amekaa chini, kajiziba mdomo kwa kofia, lakini alisogeza chupa nyingine kwa mguu. Akaiweka nayo.

Zikanywewa. Zote.

Halafu mtu alipumua. Ile pumzi ndefu ya mtoto aliyekuwa analia akabembelezwa. Harufu ikakatika.

Alipogeuka, chupa tatu zilikuwa zimesimama kwenye vumbi. Vizibo havijaguswa, utepe wake haujakatwa. Ndani hamna hata tone.

Sharon alikuwa kasimama peke yake barabarani, mbali na geti, kidole mdomoni. Winifrida hajui alifikaje pale. Alimbeba, akamfinya mpaka mtoto akalalamika.

"Mama unaniumiza. Umevaa tena viatu?"

"Nani kakuleta huku?"

"Wewe. Umenivalisha medali, ukasema twende kwetu. Halafu ukasema ngoja hapa, naitwa nikanywe maji." Mtoto akamgusa kidevu, pale penye kovu. "Mkono wako ulikuwa baridi."

Mbio akazimaliza akitembea, mtoto begani. Kijana wa medali akamtazama, akatikisa kichwa. "Sista, wewe umeshachukua yako. Nimekuvalisha mimi mwenyewe."

Mama Pacha alikuwa pale pale kwenye kamba. Hajasogea. Kanga imelowa machozi mbele.

"Mama. Ulimwachia mtoto?"

Mama yake akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mama, wewe unatujua. Wewe unatujua hata kwa mbali. Uliuona mguu."

"Niliuona," akanong'ona.

"Na ukamwachia?"

"Wini." Akaing'ang'ania kamba. "Alinyoosha mikono. Alikuwa mkubwa, mzuri, mwenye nywele. Sikuwahi kumwona mkubwa. Nikasema ambebe kidogo tu. Naye ni mwanangu."

Hawakuzungumza tena siku ile. Jumapili Winifrida akapanda basi akarudi Mbeya na mwanae. Huko kwake sasa, akipika, anaweka sahani ya pili, anaipa mgongo. Wageni wakiuliza, anajibu, ni ya pacha wangu, na hili si la kucheka. Na kuja huku anakuja, lakini mtoto hamwachi kwa bibi yake hata akienda chooni. Mama Pacha halalamiki. Anajua.

Medali ile hakuichukua. Ipo hapo Kizwite, imening'inia kwenye msumari juu ya dirisha la kikombe. Nimeishika kwa mikono yangu hii. Ukiigeuza nyuma utaona alama ya meno, kama wale washindi wanavyoing'ata wakipigwa picha. Mtu kaing'ata kwa nguvu, chuma kimebonyea. Meno madogo, ya utoto. Sharon meno yake yote yalikuwepo siku ile, hajang'oka hata moja, nilimwambia afungue mdomo nikayaangalia.

Hayo ya kwenye medali, mbele, juu, pana pengo la meno mawili.